Kabla ya kununua mashine ya kuona samaki

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wavuvi na wageni wafadhili, kabla komite haijafunga orodha ya vifaa vya mitumbwi.

Habari ya Kigoma na ya kurudi hapa Fizi sitairudia, kila mtu anaijua. Komite imeniomba, kwa kuwa mimi ni fundi wa redio na sola, nitazame orodha ya vifaa. Nimeitazama. Namba ya kwanza ni sonari, yaani mashine ya kuona samaki, moja kwa kila mtumbwi. Naomba namba hiyo ishuke chini, na nitasema sababu.

Sonari si kitu kibaya. Inatuma sauti ndani ya maji, sauti inagonga samaki au mchanga, inarudi, na unaona picha. Lakini tuangalie ziwa letu. Tanganyika, pale penye kina kirefu kabisa, inafika karibu mita 1,470. Muuzaji akisikia hivyo anakutolea mashine kubwa ya kufika chini kabisa, na bei yake inapanda. Kumbe oksijeni, ile hewa samaki anapumua, inaishia juu: upande wetu wa kaskazini karibu mita 100, kule kusini inaweza kufika 200. Chini ya hapo hakuna ndakala, hakuna mukebuka. Tutalipia mita elfu moja za maji yasiyo na samaki. Siku tukinunua sonari, ndogo ya kilohezi 200 inatosha, na iwekwe kwenye alama ya maji baridi, isiwe ya bahari.

Tena mvuvi wa taa hamfukuzi samaki. Anawasha taa, anangoja aje. Hapo sonari inamwambia tu kama kundi limekwisha kusanyika chini ya taa na liko mita ngapi, ili ajue saa ya kuvuta wavu. Ni msaada, sikatai. Lakini ni msaada wa kuongeza samaki, na sisi bado hatujamaliza kazi ya kurudisha watu nyumbani.

Mnajua upepo wa kusini, ule wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa. Unaamka usiku, unakusukuma, taa za kijiji hazionekani, na moteri inakunywa mafuta ukitafuta upande. Wazee walitumia miti na nyumba za ufukweni kama alama. Miaka hii maji yamepanda, na alama nyingine zimo ndani ya ziwa. Na mpaka wetu na Burundi na Tanzania hauna alama yoyote juu ya maji. Ukiuvuka bila kujua, unaweza kupoteza wavu, moteri na uhuru wako kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo namba ya kwanza iwe GPS ya mkono, ile inayotumia betri mbili za tochi. Kabla ya kuondoka unaweka alama pale mtumbwi ulipo, unaandika NYUMBANI. Usiku inakuonyesha mshale na kilomita zilizobaki, na ikikosea ni kwa mita chache. Haiombi mtandao wala kadi ya simu. Vijana wetu wengi hawajui kwamba hata simu yao inaweza kufanya hivyo bila mtandao, sababu inasikia satelaiti yenyewe. Sharti ni ramani iwe imeshushwa mbele ukiwa nchi kavu, na simu iwe ndani ya mfuko usioingiza maji. Lakini simu hiyo hiyo ndiyo muziki, ndiyo tochi, na saa nane ya usiku imekufa. Simu iwe ya pili.

Mkichagua, tafuteni alama IPX7: maana yake kifaa kinavumilia nusu saa ndani ya mita moja ya maji. Msilipe zaidi kwa vitu vilivyotengenezwa kushindana na chumvi. Maji yetu hayana chumvi ya bahari.

Sasa umeme, na hapa ndipo orodha imenitia wasiwasi kabisa. Imeandikwa taa 4 za LED za wati 10, betri ya asidi ya ampea-saa 40, paneli ya sola ya wati 50. Tupige hesabu pamoja. Taa 4 ni wati 40. Kwa volti 12 ni ampea 3.3 hivi. Usiku wa saa 10 ni ampea-saa 33. Betri ya asidi haipendi kutumiwa kupita nusu, ukiikamua kila usiku inakufa mapema. Basi tunahitaji ya 70, si ya 40. Kurudisha zile 33 ni wati-saa 400. Paneli ya 50 kwa jua zuri la saa 5 inatoa 250, na hiyo ni kwenye karatasi. Paneli ya 100 inafika kwa shida, na miezi ya mvua haifiki. Iandikwe 150. Sonari nayo, hata ndogo, ingekula kama ampea-saa 5 kila usiku, na hakuna aliyeihesabu. Fiuzi pia haimo. Ni kitu cha bei ndogo kinachozuia moto ndani ya mtumbwi wa mbao wenye petroli.

Redio za VHF tuzinunue mbili mbili, kwa mitumbwi inayotoka pamoja, sababu redio ya mkono juu ya mtumbwi mfupi inafika kilomita chache tu. Kibali kiulizwe kwanza. Na kila mtumbwi uwe na taa moja nyeupe inayoonekana pande zote, ili boti kubwa za abiria zisitugonge. Majile ya kuokoa maisha yabaki kama yalivyoandikwa, msipunguze hata moja.

Wageni wetu, najua sonari inapendeza kwenye picha ya ripoti. Lakini bei ya sonari zote za orodha hii ikihamishwa, GPS, betri za kweli na fiuzi zinapatikana. Sonari mbili zibaki kwa majaribio, tuone zinafanya nini.

GPS inaibika haraka. Ziandikwe kwenye daftari la chama, mtu achukue jioni kwa sahihi, arudishe asubuhi.

Wenye mitumbwi, kabla orodha haijafungwa leteni betri mlizo nazo nizipime. Ile iliyo nzima hatutanunua nyingine ya kuikalia.