Sindano Kabla ya Cherehani
Hotuba ya mwalimu wa ushoni katika mkutano wa mwaka wa wanachama



Katika taarifa mliyosomewa yamo maombi kwamba mwezi wa kwanza wa darasa la ushoni, ambao ni wa kutengeneza nguo zilizochakaa, ufutwe, ili wanafunzi waanze mara moja kukata magauni. Nayaelewa malalamiko yao. Mama aliyekuja kwa miguu kutoka Kangemi, na ada yake amelipa, hapendi kukaa wiki nne na sindano ya mkono hali cherehani kipo mbele yake. Hata hivyo nawasihi msiyakubali maombi hayo.

Mwaka jana alikuja kwetu mama mmoja wa Kawangware. Mwanawe alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kuwa suruali yake ya shule imetoboka magotini. Mama alikwisha uliza bei ya suruali mpya mjini, katika maduka ya Biashara Street, mtaa ambao wazee waliujua kwa jina la Bazaar Street, akarudi mikono mitupu. Tuliitengeneza suruali ile kwa muda wa saa moja na nusu, na asubuhi ya pili yake mtoto alikuwa darasani.

Yafaa nieleze ilivyotengenezwa. Kwanza tulifumua mshono wa ubavuni, juu na chini ya goti, ili kitambaa kilale wazi juu ya meza. Fundi asiyefumua hulazimika kuupenyeza mguu mzima wa suruali chini ya sindano ya cherehani, naye mwishowe hushona pande mbili pamoja! Kisha tulikata kiraka katika suruali kuukuu ya rangi ile ile. Kitambaa kipya cha pamba kisichofuliwa hakifai, maana hujikunja baadaye na kuivuta nguo. Kiraka kilipita ukingo wa tundu kwa sentimita 2 kila upande, hata kufikia kitambaa kizima, kwa sababu pembeni mwa tundu nguo huwa imelika ijapokuwa jicho halioni. Nyuzi zake zilifuata nyuzi za suruali. Kiraka kilichokaa mshazari huvutika, na goti hutokeza kama kibuyu. Tukakishikiza kwa uzi mrefu, tukakipiga pasi, ndipo cherehani kikaguswa.

Goti la pili lilikuwa na tundu dogo tu, na hilo halikutaka kiraka. Hapo hufumwa kitambaa kidogo juu ya tundu: nyuzi za mtande hutangulia, zikiwa zimekaribiana, kisha mshindio hupita juu ya uzi mmoja na chini ya wa pili. Mwisho wa kila mstari huachwa kitanzi kidogo, kwani uzi nao hupungua ukifuliwa, na usipokuwa na nafasi hukunja nguo yote. Na tundu la namna hii lishikizwe kabla nguo haijaingia majini, kufua hulipanua.

Wako wanaosema kwamba siku hizi nguo za mitumba ni rahisi, basi viraka ni kazi ya zamani. Nawaomba waende Soko la Toi, kando ya Ngong Road, wawatazame mafundi walioketi na vyerehani vyao karibu na wauzaji. Kazi yao ni kupunguza viuno, kufupisha mikono na kubadili zipu. Mwaka 2020, Serikali ilipozuia mitumba isiingizwe nchini tangu Machi hata Agosti kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, nguo zilizokwisha kuwamo majumbani ndizo zilizobaki kutegemewa. Na mtu hawezi kurekebisha nguo iliyoshonwa na mwingine asipojua kuifumua bila kuikata. Ustadi huo haupatikani kwa kukata gauni jipya.

Mimi mwenyewe nilishona gauni langu la kwanza kabla sijajua kuweka pindo. Nililivaa mara moja.

Jambo moja nakubaliana na wanaolalamika. Tuna vyerehani viwili, na sindano zake huvunjika kwa kuwa kila mtu hutumia ile aliyoikuta. Sindano nambari 14 yatosha kwa pamba ya kawaida. Jinzi yataka nambari 16. Naomba Kamati inunulie darasa sindano za aina zote mbili kabla ya kufikiria cherehani cha tatu.

Mafunzo yataanza tena Jumamosi ya kwanza ya muhula. Kila mwanafunzi alete nguo moja iliyoharibika ya nyumbani kwake, na wenye watoto wa shule walete kwanza sare.