Ukame Unapoingia Sokoni



Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, mvua ilikosekana kaskazini na mashariki mwa Kenya kwa misimu mitano mfululizo. Mifugo zaidi ya milioni 2.5 walikufa. Idadi hiyo hutajwa sana, lakini hasara ilianza kabla ya mizoga.

Mfugaji hangoji ng'ombe afe. Malisho yakipungua, hukimbilia kuuza. Majirani nao huuza wiki hiyo hiyo, ng'ombe wamekonda, bei inaporomoka. Wakati huo bei ya mahindi inapanda, kwa kuwa ukame uliokausha malisho umekausha mashamba pia. Mbuzi aliyetosha karo hatoshi tena hata unga. Mwenye duka halipwi deni, dereva wa lori anakosa mzigo, na kaunti inakosa ada ya soko.

Kitaifa, takwimu za KNBS zilionyesha sekta ya kilimo, ufugaji ukiwemo, ilipungua kwa asilimia 1.6 mwaka 2022. Hata hivyo uchumi wote ulikua kwa asilimia 4.8. Boma lililobaki na mbuzi watatu halionekani kwenye wastani huo.

Mvua za mwishoni mwa 2023 zilileta mafuriko. Barabara ya Garissa kwenda Nairobi ilifunikwa na maji karibu na Madogo, malori yakakwama. Wengi waliopoteza mifugo walikuwa bado hawajajaza boma.

Sasa bajeti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura, lakini malipo ya mwaka hayazidi asilimia 2 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Malori ya maji yakimaliza fedha hizo, miradi ndiyo huumia. Lori likiondoka, maji yamekwisha, kisima kingebaki.

Bima ya mifugo ya serikali iliyoanza 2015 ilijaribu kuwahi: setilaiti ilipima ukijani wa malisho, na mfugaji alilipwa anunue nyasi na dawa mnyama akiwa bado hai.

Makadirio ya bajeti yako mezani. Kurasa za maji na mifugo zisipitwe haraka. Kila wadi iulize ni kiasi gani kimetengwa kwa visima na nyasi kavu kabla ya kiangazi kijacho.