Ngiri Haifungwi kwa Kanga



Ndugu wananchi wa Kata ya Mabawe, risala nimeisikia, na ombi la gari la wagonjwa nimelichukua. Ila mmemwalika daktari wa upasuaji, basi mtavumilia habari za matumbo.

Nataka kusema juu ya ngiri ya kovu. Mama amejifungua kwa upasuaji, kidonda kikatunga usaha, kikapona juu juu. Miezi inapita, akikohoa kovu linatuna. Anajikaza kanga kiunoni, anaendelea kulima na kubeba ndizi. Jirani ananong'ona kuwa amerogwa. Hakurogwa! Misuli imeachana, utumbo umepata upenyo.

Tundu likiwa dogo, kulifunga ni kazi ya kawaida. Likiachwa miaka, utumbo unahamia nje na tumbo linausahau. Ukiurudisha wote kwa mkupuo, mapafu yanabanwa, mgonjwa anahema kwa shida. Hapo ndipo tunalegeza matabaka ya misuli ubavuni, tukayavuta yakutane katikati, njia aliyoieleza Oscar Ramirez na wenzake mwaka 1990, kisha tunaimarisha kwa wavu. Kabla ya hapo sigara iachwe na sukari ishuke. Hiyo ni safari ya hospitali ya Bugando, Mwanza, na nauli ya mgonjwa na anayemuuguza mnaijua.

Wavu wenyewe ni ghali. Jirani zetu wa Uganda walishiriki utafiti uliochapishwa 2016: wanaume 302 wenye ngiri ya kinena, baadhi wakawekewa wavu wa kiwandani, wengine kitambaa cha chandarua kilichotakaswa hospitalini. Mwaka ulipopita, ngiri ilikuwa imerudi kwa mmoja tu wa kundi la chandarua. Kinena si tumbo zima, lakini wakubwa wa bajeti waliokaa hapa mbele wamenielewa. (Nawe mama, usije ukakata chandarua cha mtoto!)

Kivimbe kikiwa kigumu, kinauma, hakirudi ndani, na unatapika, usingoje kukuche. Nenda hospitali ya Murgwanza au Nyamiaga saa hiyo hiyo.

Wenye makovu yanayotuna, wauguzi wanawasubiri pale hemani, wanawake upande wao. Baada ya maneno hayo, natamka kuwa upimaji umefunguliwa rasmi.