Chakula cha Kambi: Afya Huanzia Sokoni

  

Shule zikifungwa, watoto wetu huenda kambini. Kuna kambi za kanisa, za skauti, za madrasa na za vikundi vya vijana. Wao hufikiria nyimbo na michezo. Sisi akina mama tunaitwa mkutanoni na kuulizwa swali moja tu: "Nani atapika?" Mada yetu leo ni namna ya kununua na kupanga chakula cha watu wengi kwa siku mbili au tatu, ili kila mtoto ashibe na arudi nyumbani akiwa mzima. Tafadhali tafuta kalamu na karatasi, kwa sababu nitataja vipimo.

Kwanza nikueleze kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliongoza jikoni katika kambi ya watoto iliyofanyika kwenye uwanja wa shule. Tulikuwa watu 70. Sikuwa na orodha wala hesabu. Nilinunua kwa macho, kama tunavyofanya wengi wetu, na kwa kuogopa kwamba chakula kingepungua, Jumamosi mchana nilipika kilo 16 za wali. Watoto wakala, wakashiba, na nusu ya sufuria ikabaki.

Kulikuwa na mama mzee aliyepika nasi, sote tukimwita Cucu. Ilipofika jioni akaniambia, "Mwanangu, huo wali umekaa hapo tangu saa saba. Umwage." Nikamjibu, "Cucu, nimwage chakula cha watoto? Wazazi watasema nini?" Tukaupasha moto mpaka ukatoa mvuke, tukawapa watoto saa moja jioni. Kufikia saa nne usiku watoto 11 walikuwa wanatapika. Msichana mmoja wa miaka sita alilegea kabisa, tukambeba usiku ule hadi kituo cha afya. Muuguzi aliniuliza maswali mawili tu: "Mlikula nini? Kilikuwa kimepikwa saa ngapi?" Nilipomjibu, niliinamisha kichwa.

Namshukuru Mungu watoto wote walipona. Lakini tangu siku ile najua jambo hili: ugonjwa ule haukuanzia jikoni. Ulianzia sokoni, niliponunua bila kuhesabu.

Msikilizaji, labda unajiuliza, wali ulipashwa moto, sasa vijidudu vilitoka wapi? Mchele huwa na vijidudu fulani ambavyo mbegu zao hazifi zikichemshwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu. Sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha wali moto vipi. Tena sufuria kubwa ya kambi si kama ya nyumbani. Ile ya nyumbani hupoa upesi, lakini kubwa hukaa na vuguvugu nusu siku, na vuguvugu ndilo vijidudu hupenda. Kwa hiyo kanuni ya kambi ni hii: chakula kilichopikwa kiliwe ndani ya saa mbili, na kinachobaki kisirudi kwenye sahani ya mtoto.

Ukitaka kisibaki, hesabu. Tuanze na vichwa. Chukua idadi ya watoto, ongeza walimu, wapishi na mlinzi. Mfano wetu leo ni watoto 60 na watu wazima 10, jumla 70. Kisha hesabu milo. Kambi ya kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana ina milo sita. Andika milo hiyo kwanza, halafu ndipo uandike orodha ya soko.

Ijumaa jioni: ugali, ndengu na kabichi. Usiku wa kwanza kila mtu amechoka, na ndengu huiva upesi. Unga wa ugali piga hesabu ya gramu 150 kwa mtoto na 250 kwa mtu mzima. Hiyo ni kilo 11 na nusu, yaani pakiti sita za kilo mbili. Ndengu ni gramu 60 kwa kila mtu, kwa hiyo nunua kilo nne na robo.

Jumamosi asubuhi: uji wa wimbi na viazi vitamu. Kilo tatu za unga zitakupa lita 28 hivi za uji, na kila mtu atapata kikombe kikubwa. Viazi vitamu ni kilo 14.

Jumamosi mchana: githeri yenye karoti na kabichi. Mahindi makavu ni gramu 100 kwa kila mtu na maharagwe gramu 50. Hiyo ni kilo saba za mahindi na kilo tatu na nusu za maharagwe. Loweka tangu Ijumaa, uinjike mapema Jumamosi.

Jumamosi jioni: wali na mchuzi wa nyama. Mchele ni kilo 10, si 16! Nyama ni kilo saba. Unaona wali nimeuweka jioni. Watoto wamecheza mchana kutwa, wana njaa, na hakuna mlo mwingine unaofuata wa kukushawishi ubakize.

Jumapili asubuhi: chai ya maziwa, mkate na yai la kuchemsha. Mkate wa gramu 400 ugawie watu wanne, kwa hiyo ununue mikate 18. Mayai ni trei tatu. Yatabaki machache, lakini mengine yatavunjika njiani.

Jumapili mchana: ugali, maharagwe na sukuma wiki. Unga ni pakiti sita tena, na maharagwe kilo nne na robo. Wape na matunda. Kwa siku zote, ndizi 140 zitampa kila mtu mbili.

Mafuta ya kupikia lita tatu yatatosha, na chumvi kilo moja. Ukinunua kwa gorogoro, kumbuka kwamba gorogoro si mizani. Mwombe muuzaji apime kwa kilo. Mboga nazo huuzwa kwa mafungu, na fungu la soko hili si sawa na fungu la soko lile, kwa hiyo uliza bei ya gunia au ya kilo. Beba vikapu, viondo na magunia yako, maana mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017.

Sasa twende sokoni. Gawa safari zako mara tatu. Vitu vikavu kama unga, mchele, maharagwe, sukari na chumvi vinunue siku tatu kabla. Mboga, viazi na matunda vinunue Ijumaa asubuhi, ila sukuma wiki ya Jumapili iletwe Jumamosi jioni. Nyama inunuliwe Jumamosi alasiri, iingie kwenye sufuria mara inapofika. Usinunue nyama siku ya Ijumaa ukaiacha ikilala bila friji. Angalia pia mhuri wa mkaguzi wa nyama, na kama haupo, nenda bucha nyingine.

Mahindi yatazame kwa macho na pua. Yaliyobadilika rangi, yenye ukungu au harufu ya uvundo, usiyachukue hata kama ni ya bure. Mwaka 2004, katika sehemu za Ukambani na maeneo jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyoingiwa na sumu ya aflatoksini, inayotokana na ukungu. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha wala kwa kusaga. Kuwa makini na mahindi ya mchango pia. Mzazi akileta debe la mahindi, mshukuru, lakini lifungue ulitazame. Unga wa pakiti uwe na alama ya ubora ya KEBS na tarehe ambayo haijapita.

Maharagwe nayo yana siri yake, hasa yale mekundu. Yasipoiva vizuri yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha. Yaloweke usiku kucha, umwage maji ya kulowekea, uweke maji mengine, kisha yachemke kwa nguvu kwa nusu saa kabla ya kupunguza moto. Endelea kupika mpaka yawe laini. Wakati kuni zimepungua na watoto wamepanga foleni, usidanganyike ukagawa maharagwe magumu. Afadhali wasubiri.

Tuje kwenye maji. Mtu mmoja anahitaji angalau lita mbili za kunywa kwa siku. Watu 70 ni lita 140, yaani mitungi saba ya lita 20, na hapo hujahesabu ya kupikia na kuosha. Maji ya kunywa yachemke kabisa mpaka yabubujike, au yatiwe dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha yakae nusu saa. Yawekwe kwenye chombo chenye mfuniko na mfereji, ili mtoto asitumbukize kikombe wala mkono.

Karibu na choo na karibu na jikoni tengeneza kibuyu chirizi. Chukua mtungi mdogo, utoboe, uufunge kwenye mti pamoja na sabuni. Mweke mtoto mkubwa mmoja kuwa msimamizi, na mtoto asiyenawa asipewe sahani. Wapishi nao wanawe. Mpishi anayeharisha au kutapika asiguse chakula mpaka zipite siku mbili tangu apone. Usimwonee haya, hata kama yeye ndiye mpishi hodari kuliko wote. Kisu na ubao wa nyama mbichi visikate kachumbari wala matunda.

Kuna karatasi moja ambayo wengi wetu huisahau. Kabla ya kambi, muulize kila mzazi maswali matatu: Je, kuna chakula kinachomdhuru mtoto wako? Je, anatumia dawa? Nikupigie kwa nambari gani usiku? Kuna watoto ambao karanga chache tu, yai au maziwa huwafanya wavimbe midomo na kushindwa kupumua. Mtoto kama huyo apikiwe chake katika sufuria yake, na mpishi amjue kwa sura. Mtoto mwenye kisukari naye asicheleweshewe mlo. Na wewe mzazi usifiche mambo haya kwa kuona aibu. Mpishi hawezi kumlinda mtoto dhidi ya jambo asilolijua.

Mwisho, weka jikoni pakiti kadhaa za dawa ya kurudisha maji mwilini, ile ORS inayopatikana katika vituo vya afya na maduka ya dawa. Ukikosa, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote viwe sawasawa bila kulundika. Mtoto anayeharisha au kutapika anyweshwe kidogo kidogo, mara kwa mara. Lakini ukiona macho yameingia ndani, mtoto amelegea, anatapika kila anachokunywa, au kinyesi kina damu, usingoje asubuhi. Mpeleke kituo cha afya mara moja, na umweleze muuguzi mlikula nini na saa ngapi. Kwa sababu hiyo panga usafiri kabla ya kambi kuanza, si usiku huo.

Je, chakula kikibaki hata baada ya hesabu zote? Kinachobaki ndani ya saa mbili kigawie majirani kikiwa bado moto. Kilichopitisha saa kimwage. Najua inauma. Tulilelewa tukiambiwa kumwaga chakula ni dhambi. Lakini mimi nimeshakaa kwenye benchi la kituo cha afya saa saba usiku na mtoto wa mwenzangu mapajani, nikingoja afumbue macho. Hakuna sufuria ya wali yenye thamani hiyo.

Kwa kifupi, mama, kumbuka mambo haya:
Hesabu vichwa na milo kabla ya kwenda sokoni.
Nunua kwa kilo, wala si kwa macho.
Mahindi yenye ukungu yakatae, maharagwe yaive.
Chakula kiliwe ndani ya saa mbili.
Mjue kila mtoto na kile kinachomdhuru.

Hesabu hizi unaweza kuzitumia pia katika harusi, matanga au mikutano ya chama. Badilisha tu idadi ya vichwa. Na ukikutana na mama mzee jikoni akikwambia, "Mwanangu, mwaga," msikilize.

  Kinga ni bora kuliko tiba.