Macho Mawili, Kazi Moja: Gemu na Tiba ya Jicho Vivu Nyumbani



Mtoto mwenye jicho vivu halalamiki. Anakimbia, anadaka mpira, anahesabu chenji dukani, kwa sababu jicho moja linamtosha kwa hayo yote na hajawahi kujua kuona kwingine. Ziba lile jicho zuri kwa kiganja, ndipo utakapomwona anausukuma mkono wako. Kati ya watoto mia moja, mmoja hadi watatu wana hali hii, ambayo kitaalamu huitwa ambliopia. Mara nyingi ukilichunguza jicho lenyewe hukuti kidonda wala doa. Tatizo liko kwenye ubongo, ambao tangu utotoni ulipokea picha mbili zisizopatana, kwa sababu ya makengeza, au jicho moja kuhitaji lenzi kali kuliko lingine, au mtoto wa jicho aliyechelewa kuondolewa. Ukaitegemea picha moja, ukainyamazisha ya pili.

Tumelijua hilo kutokana na kazi ya David Hubel na Torsten Wiesel huko Harvard katika miaka ya 1960. Walifunga jicho moja la vitoto vya paka. Walipolifungua baada ya wiki kadhaa, jicho lilikuwa zima, lakini seli za ubongo zilikuwa zimeacha kuitikia linachokiona. Walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1981, na walistahili. Ila kazi yao ilizaa imani ngumu miongoni mwa madaktari, kwamba mtoto akishapita miaka saba hivi, mlango umefungwa. Wazazi wengi walirudishwa nyumbani kwa maneno hayo. Mwaka 2005 kundi la watafiti wa macho ya watoto nchini Marekani, PEDIG, lilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa miaka 7 hadi 12 waliopewa tiba waliona vizuri zaidi. Kuchelewa kuna gharama kubwa, lakini hakumaanishi kwamba hakuna la kufanya.

Tiba ya kale ni kuliziba jicho zuri ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Mfaransa Buffon aliieleza mwaka 1743, nasi bado tunaitumia, kwa kuwa inafanya kazi. Tulichojifunza karibuni ni kipimo chake. Mwaka 2003 PEDIG walionyesha kwamba kwa jicho ambalo halijadhoofika sana, saa mbili kwa siku zinaleta matokeo sawa na saa sita. Na kabla ya kuziba chochote kuna miwani. Katika utafiti wao wa mwaka 2006 kwa watoto ambao macho yao yalitofautiana nguvu, asilimia 27 walipona kwa miwani peke yake. Naomba mzazi aliyekuja kusikia habari za gemu aikumbuke namba hiyo.

Sasa fikirini saa hizo mbili zinavyokwenda nyumbani. Mtoto wa miaka mitano, joto la mchana, plasta inawasha shavuni, anaona ukungu, na watoto wa jirani wanamcheka. Mama akigeukia jikoni, plasta imeshabanduliwa. Hapo ndipo gemu lilipoingia likiwa na ahadi tamu: mtoto atacheza, na kwa kucheza atapona.

Wazo lenyewe ni zuri kweli, na halina uhusiano na gemu lolote mlilonalo kwenye simu. Robert Hess na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walisema kwamba jicho vivu halijafa, ila linazimwa na jicho zuri. Basi tusilizibe jicho zuri, tulipunguzie sauti. Wakachukua mchezo wa matofali yanayoanguka, ule wa kuyapanga yajaze mstari. Mtoto anavaa miwani yenye kioo chekundu upande mmoja na cha kijani upande wa pili. Matofali yanayoanguka yanaonekana kwa jicho vivu tu, yakiwa yamekolea. Yale yaliyokwisha kupangwa chini yanaonekana kwa jicho zuri tu, yakiwa hafifu, kwa ukolezo wa asilimia 20 mwanzoni. Ubongo ukitumia jicho moja, mchezo hauchezeki: ama huoni kinachoanguka, ama huoni kinapotua. Kadiri mtoto anavyofaulu, ndivyo upande wa jicho zuri unavyokolezwa, mpaka macho yote mawili yaone sawa. Mwaka 2013 watu wazima 18 waliocheza huko Uchina walionyesha matumaini: waliocheza kwa macho mawili waliendelea vizuri kuliko wale waliozibwa jicho moja. Magazeti ya dunia yakaandika kwamba gemu linatibu macho.

Kisha ukaja utafiti mkubwa. Mwaka 2016 PEDIG walitangaza matokeo ya watoto 385 wa miaka 5 hadi 12. Nusu walipewa gemu la matofali kwenye kishikwambi, saa moja kwa siku. Nusu walizibwa jicho saa mbili. Baada ya wiki 16, waliozibwa walikuwa wamepanda kwa wastani wa mstari 1.35 kwenye chati ya kupimia macho, na wa gemu 1.05. Tofauti ni ndogo, lakini haikuegemea upande wa gemu.

Kuna jambo jingine katika utafiti ule ambalo kwangu lina uzito kuliko mistari. Plasta haina kumbukumbu. Tunategemea neno la mzazi. Kishikwambi kinaandika chenyewe kila dakika iliyochezwa. Kilipofunguliwa, ni asilimia 22 tu ya watoto waliokuwa wametimiza zaidi ya robo tatu ya muda waliopangiwa. Watoto walichoka. Matofali yaleyale, rangi zilezile, kila siku kwa miezi. Sisi watu wazima tulidhani kwamba kitu kikiitwa gemu, mtoto atakipenda. Siku ya pili anakifurahia, siku ya ishirini amekichoka, na tiba ya nyumbani inahitaji hiyo siku ya ishirini.

Lakini uvivu wa kucheza hauelezi yote, na ni lazima niseme hivyo. Mwaka 2018 watafiti wa nchi kadhaa walilinganisha gemu hilo na lingine la sura ileile lisilo na tiba ndani yake, kwa watu 115, na hawakuona tofauti. Gemu jingine, Dig Rush, la mchimba dhahabu, lilifanya vizuri kwa watoto 28 huko Dallas mwaka 2016. Lilipopimwa kwa watoto 138 wa miaka 7 hadi 12 mwaka 2019, halikuzidi miwani peke yake. Tumeshaona mara nyingi katika tiba kwamba kinachong'ara kwa wachache hufifia kwa wengi.

Hatua iliyofuata ikaacha kumchezesha mtoto, ikamwonyesha filamu anazozipenda. Kifaa cha Luminopia, kinachovaliwa usoni, hufifisha picha ya jicho zuri na kuficha vipande tofauti kwa kila jicho, ili ubongo uviunganishe. Katika watoto 105 wa miaka 4 hadi 7, wenye kifaa walipanda mistari 1.8 kwa wiki 12, na wenye miwani tu mistari 0.8. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilikiidhinisha mwaka 2021. Ninaona hapa maendeleo ya kweli, ingawa kililinganishwa na miwani, si na plasta, na bei yake iko mbali na mifuko yetu.

Basi mzazi wa Dar es Salaam au Moshi afanye nini kesho asubuhi? Asipakue gemu. Gemu la kawaida likichezwa macho yote mawili yakiwa wazi, jicho zuri linafanya kazi yote na lile vivu linaendelea kulala. Akitaka simu isaidie, mtoto aitumie ndani ya zile saa mbili za plasta, jicho zuri likiwa limezibwa, miwani yake ikiwa usoni, na mzazi ameketi karibu. Kupaka rangi au kuchambua mchele pamoja na bibi kunaweza kufaa vilevile. Na mtoto arudi kliniki kupimwa, kwa sababu nguvu ya jicho hubadilika.

Kazi kubwa zaidi ni kumpata mtoto huyu mapema. Huko Trans Nzoia, Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwapa walimu simu yenye programu ya Peek ya kupima macho ya wanafunzi. Mzazi alionyeshwa picha ya jinsi mwanawe anavyoona, kisha akakumbushwa kwa ujumbe mfupi. Kati ya watoto walioelekezwa hospitali, asilimia 54 walifika. Katika shule zilizotumia kadi za kawaida, asilimia 22. Ndiyo maana ombi langu la kwanza kwa wizara halihusu vishikwambi. Ninaomba kila mtoto anayeandikishwa darasa la awali apimwe jicho moja moja, na mwalimu aliyempima awe na namba ya mzazi na jina la kliniki ya kumpeleka.