Hesabu ya Mwili kwa Mwaka Mmoja

  

Enyi ndugu Waislamu, mwenye mali huingoja itimize mwaka, kisha huihesabu apate kuitolea zaka. Imam Ghazali naye ameweka katika Ihya kitabu kizima juu ya mtu kujihesabu nafsi yake. Mwili nao ni amana, lakini ni wangapi hapa Kampala waujuao uzito wao na presha yao kama wajuavyo madeni ya dukani?

Mfano ni mwenye duka wa Kisenyi. Daftari lake lajua nani amechukua sukari kilo mbili, na nani hajalipa tangu Rajabu. Yeye mwenyewe hutia vijiko vinne katika kila kikombe cha chai, na vikombe havihesabu. Siku aangukapo, jirani husema amerogwa. Huenda presha ilikuwa juu miaka mingi, naye hana habari, maana hila ya maradhi hayo ni kwamba hayaumi.

Katika mji huu kuandika habari za mwili si jambo geni. Daktari Albert Cook alianza hospitali ya Mengo mwaka 1897, na kumbukumbu za wagonjwa wake zimehifadhiwa Makerere. Daktari Hugh Trowell wa Mulago, aliyeingia Afrika Mashariki mwaka 1929, alikuta presha ni nadra kwa Waafrika. Mwaka 1956 akaandika habari za Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, jambo lililowashangaza waganga wa wakati ule. Bila ya kuandika, nani angalijua kwamba mambo yamebadilika?

Basi mtu na aanze Muharram. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kula, apande mizani ile ile. Kila mwezi apimwe presha, akiisha kukaa kimya dakika tano. Asije akapanda mbio kilima cha Kibuli kisha akanyoosha mkono. Kipimo kikifika 140 kwa 90 mara kwa mara, amwendee daktari, asijitibu kwa uvumi. Kisha achague tabia moja tu, kama sukari ya chai au kwenda msikitini kwa miguu, aiandike kila siku. Atakaye kumi huziacha zote kabla ya Safar kwisha. Na siku aliyoshindwa aiandike vile vile, kwani daftari la uongo ni hasara ya karatasi.

Ramadhani ndipo daftari hufichua mengi. Wengi hudhani watapungua, kumbe huongezeka, kwa sambusa na sharubati za magharibi. Na kwa kuwa Kampala i karibu na Ikweta, urefu wa saumu ni karibu ule ule kila mwaka. Ramadhani hii yaweza kulinganishwa na iliyopita, wala hapana udhuru wa mchana mrefu kama walio nao ndugu wa London. Mwenye kisukari aonane na daktari tangu Shaabani. Akikatazwa kufunga, ruhusa hiyo ni ya Mola wake, asiione haya.

Dhulhija ikielekea kwisha, na alisome daftari pamoja na mkewe, kwani chumvi ya chungu i mkononi mwake, naye mke ana mwili wake wa kuuandikia.