Picha Haipimi Chumba: Akili Unde katika Urembo wa Nyumba na Matangazo, Mombasa Bara

Utangulizi



Mteja wa siku hizi haji karakana na maneno matupu. Huja na simu. Mmoja wa Likoni alinionyesha sebule aliyochorewa na akili unde: kochi la umbo la L, taa za kuning'inia, dirisha toka sakafuni hadi darini. Tukaenda kwake na tepu. Chumba futi 10 kwa 12, mlango inchi 32. Kochi lile lingeishia barazani.

Hoja yangu ni moja: picha hizi ni za kuanzia mazungumzo, si za kukatia mbao.

Kwa nini picha hukosea

Stable Diffusion, programu ya akili unde ya kuchora picha iliyotoka Agosti 2022, ilifunzwa kwa picha za intaneti ambazo maelezo yake mengi ni ya Kiingereza. Haikupima chumba cha mtu. Inakisia tu kinachofanana na maneno uliyoandika. Kwa hiyo ukitaka zidaka, usitaje jina peke yake. Eleza ukuta mnene wa chokaa wenye vishubaka vya tao vilivyopangwa safu. Ukitaka kanga, pindo na mji vitapendeza, lakini jina, yaani maneno yake, laweza kuja kwa herufi zisizosomeka. Na kanga bila jina ni leso gani?

Picha pia haipigwi na upepo wa bahari. Huku kwetu chuma hushika kutu upesi, na ubao wa MDF ukiingiwa na unyevu hufura.

Upande wa matangazo

Picha ya tangazo ni ahadi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kudai bidhaa ina sifa isiyokuwa nayo. Kochi lililochorwa na programu lisiuzwe kana kwamba limo dukani.

Sura za watu nazo zina wenyewe. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Kwa hiyo usichukue picha ya jirani ukamvisha dera kwa programu kabla hajakubali.

Mapendekezo

1. Pima kwanza, kisha ipe programu picha ya chumba chenyewe.
2. Maandishi ya Kiswahili yaweke mwenyewe baadaye, herufi kwa herufi.
3. Tangazo lenye picha ya kubuni liandikwe wazi: "Mfano tu."
4. Malipo ya kwanza yapokelewe baada ya mteja kutia sahihi mchoro wenye vipimo, si picha ya simu.

Hitimisho

Yule mteja wa Likoni tulibaki na rangi ya picha yake, tukabadilisha kilichobaki: kochi la watu wawili, na benchi fupi ya mbao chini ya dirisha. Vyote viliingia mlangoni bila kung'oa mwimo hata mmoja.